Ulemo Walipogoma Kumzika Mama Yangu

Sehemu ya tisa

Kwa aliyeanza kunisoma leo: naitwa Redempta, mwimbaji, mzaliwa wa Ulemo, Iramba. Mimi ndiye niliyeanzisha Tuitikiane pale Unyambwa, nje kidogo ya Singida mjini. Ni kikundi cha wanawake wanaotunga na kuimba, na ahadi yetu ilikuwa moja: hakuna mwanamke atakayepaza sauti akakosa wa kumwitikia.

Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyomtoa Pendo mstari wa mbele na kumpeleka nyuma. Kosa lake? Alikwenda kumzika shangazi wa mumewe siku ya mazoezi. Wengi mmeniandikia. Mmoja ameniita nyoka. Haya, sawa. Lakini soma kwanza ya leo, halafu utafute jina jingine, maana hilo la nyoka halitatosha.

Mama yangu, Anastazia, alifariki Alhamisi asubuhi nyumbani kwangu Unyambwa. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa na mtoto wa mtu mgongoni.

Ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka mitatu. Wasanii wangu wengi walikuwa na watoto wadogo, na waume zao walisema wazi kwamba hawabaki na mtoto ili mke akaimbe. Nikamfuata mama Ulemo. "Mama, njoo unishikie hawa watoto. Mwaka mmoja tu." Akaja na vitenge viwili na ungo wake. Mwaka mmoja ukawa mitatu.

Asubuhi hiyo alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza vizuri, akasema kichwa kinamzunguka. Akakaa chini. Hakuinuka tena.

Ijumaa mchana tulifika Ulemo na jeneza, mimi na kaka yangu Festo.

Mnajua nyumba ya msiba ilivyo kwetu. Gari halijasimama, unasikia vilio. Moshi unaonekana, akina mama wameshapanga mafiga, ndoo za maji zimejaa, wanaume wako makaburini na majembe. Hakuna anayetumwa. Kila mtu anajua kazi yake.

Sisi tulikuta uwanja mtupu. Hakuna moto, hakuna sufuria. Jeneza la mama tulilishusha wanne: mimi, Festo, dereva na mwinjilisti.

Kisha wakaanza kuja, mmoja mmoja.

"Poleni sana."

"Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu."

Wanatoa mkono, wanakaa kidogo, wanainuka, wanaondoka. Hakuna aliyekuja na kuni. Hakuna aliyeuliza kaburi linachimbwa wapi.

"Kaka, kuna nini hapa?" nikamuuliza Festo.

"Unaniuliza mimi?" Hata kunitazama hakunitazama. "Wamegoma, Rede."

"Wamegoma nini?"

"Kuzika."

Kwetu kila kaya iko kwenye chama cha kufa na kuzikana. Usipotokea kwenye misiba ya wenzako, siku yako ikifika hawatakutukana. Watakuja, watatoa mkono, watakaa dakika tano, watakwenda zao. Jembe hawainui. Utabaki na maiti yako.

Na mama yangu, kwa miaka mitatu, hakutokea kwenye msiba hata mmoja wa Ulemo.

Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu yangu.

Nilipoanza Tuitikiane nilikuwa nimechoka, jamani. Kila tukipanga mazoezi, nusu ya wanawake wako misibani wanasonga ugali wa watu mia mbili. Wala si ndugu zao. Mara jirani wa wifi, mara babu wa mwenye duka. Wanaume wa bendi za mjini nao walikuwa na majirani, lakini wao walitoa pole wakarudi kwenye magitaa yao. Nikasema hapana, hili halikubaliki. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika, nikabandika ukutani: MSIBA USIO WA DAMU YAKO SI UDHURU. Ukivunja, unakwenda mstari wa nyuma, na wimbo wako hauitikiwi mwezi mzima.

Walinipigia makofi. Hata Pendo alipiga makofi. Kwa mara ya kwanza tukafanya mazoezi wote kumi na wawili, na sauti zikakaa. Tukaalikwa kwenye tamasha la Manyoni, redio itarusha moja kwa moja. Mwaka mzima tuliisubiri siku hiyo.

Ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo ya kumzika mama.

Nikatoka nyuma ya nyumba nikampigia Pendo.

"Pole sana na msiba, Dada Rede."

"Asante, mdogo wangu. Pendo, huku hakuna mtu. Hata wa kuchota maji hakuna. Njooni, nawaomba."

Nikatazama simu, haijakatika.

"Pendo?"

"Kesho tuna Manyoni, dada."

"Najua tuna Manyoni! Mimi nakuambia habari ya mama yangu, wewe unaniambia Manyoni?"

"Msiba huo si wa damu yangu." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Si wa damu ya yeyote hapa. Sheria umeiandika mwenyewe."

"Mama amekulelea mwanao, Pendo!"

"Na shangazi alimlea mume wangu."

Akakata simu. Nikapiga tena, haikupokelewa. Nikawapigia wengine wawili, hazikupokelewa. Nikalia pale nyuma ya nyumba kama mtoto, na sina haja ya kuwadanganya, nilikuwa najililia mwenyewe.

Saa kumi jioni Festo akanishika mkono. "Twende kwa Mzee Melkizedeki. Tukampigie magoti ikibidi."

Mzee Melkizedeki ndiye mwenyekiti wa chama. Pia ni mume wa marehemu Mama Yasinta, rafiki wa mama yangu. Tulimkuta amekaa nje, anachambua vitunguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole, Redempta. Kaeni."

Tukakaa. Mzee akaweka vitunguu pembeni.

"Mama yako na Yasinta wangu waliolewa hapa mwaka mmoja. Walipepeta mtama pamoja, mmoja anaimba, mwingine anaitikia. Waliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Unalijua hilo?"

"Nalijua, baba."

"Mwaka jana Yasinta alifariki. Nikapiga simu kwako, maana mama yako hakuwa na simu. Akapokea mwanamke mmoja, akasema atamfikishia. Nikangoja. Watu wananiambia, mzee, tuzike. Nawaambia ngojeni, Anastazia yuko njiani. Siku tatu, Redempta. Siku ya tatu nikawaambia akina mama wengine wamwoshe." Akafuta mikono kwenye suruali. "Hata pole hakuniletea. Sasa mnataka nimchimbie kaburi?"

Festo aliinamisha kichwa.

Sasa sikilizeni. Hiki ndicho kilichonifanya nianze kuandika hadithi hii tangu sehemu ya kwanza, na nimekizungukazunguka wiki nane.

Simu ile aliipokea Pendo. Tulikuwa mazoezini, wiki ya kurekodi wimbo wetu wa kwanza. Akanifuata mbio, ameshika kifua. "Dada, msiba Ulemo! Mama Yasinta. Wanamtaka mama aje kumwosha." Nikatazama chumba walimokaa watoto. Mama alikuwa amezungukwa na watoto saba, mmoja anamlisha uji. Nikapiga hesabu ya haraka: mama akiondoka, wasanii saba hawatarekodi.

Nikamwambia Pendo, "Usimwambie."

"Dada Rede, ni msiba."

"Nimesema usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Nilimwambia siku ya tano, tulipomaliza kurekodi. Nikamdanganya kwamba simu ilichelewa. Hakunigombeza. Alikwenda akakaa karibu na ungo wake, akasema, "Nitarudi Ulemo na uso gani mimi?" Hakurudi. Aliona haya mpaka anakufa.

Kwa hiyo pale mbele ya mzee nilikuwa na maneno matano tu ya kusema: baba, si mama, ni mimi. Matano! Mimi ninayesimama jukwaani nikaimba saa mbili bila karatasi, maneno matano yalinishinda.

Nikasema, "Ni kikundi, baba. Kikundi ndicho kilichomzuia mama."

Festo akageuka kunitazama.

"Kilimzuia vipi?" mzee akauliza.

"Yule mwanamke aliyepokea simu hakumfikishia. Walihitaji mtu wa kukaa na watoto wao. Mama alikuja kujua siku ya tano, baba. Akaona haya kurudi."

Mzee akaokota kitunguu, akakirudisha chini.

"Hakuambiwa?"

"Hakuambiwa, baba."

"Mwaka mzima namlaani Anastazia wa watu." Akainuka, akazunguka uwanja, akarudi. "Basi kesho utasimama mbele ya watu wote uyaseme hayo. Useme na kikundi hicho umekizika. Hapa kuna wake za watu watatu wamejiunga na vikundi kama hicho huko mjini, siku hizi misibani hawaonekani. Ukisema, vijana watachimba."

"Atasema," Festo akadakia.

Nikajipa moyo. Nikajiambia, wenyewe wamenikataa, kesho watakuwa Manyoni wanajirusha jukwaani na nyimbo nilizowafundisha. Nina deni gani kwao? Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi la kujiambia.

Jumamosi saa tatu asubuhi uwanja ulijaa. Vijana walisimama upande mmoja na majembe yao, wanangoja. Mzee Melkizedeki akanipa kipaza sauti cha kanisa. "Sema, mwanangu."

Nikasema. Tena nikasema vizuri, maana kazi yangu ni sauti. Nikaeleza jinsi mama alivyofichwa msiba wa shoga yake. Nikasema kuna wanawake kule Unyambwa waliomfanya mama yangu yaya wao, wakamnyima hata ruhusa ya kwenda kumwosha rafiki yake.

Akina mama wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Washenzi wakubwa!"

Nikapata nguvu. "Aliyepokea simu ile alikaa nayo siku tano, kimya! Wale si ndugu zangu. Kuanzia leo siwajui. Tuitikiane imekufa, nami nimeizika kabla ya kumzika mama!"

Nilitegemea makofi, au kilio. Nikaona watu wanatazama nyuma yangu.

Nikageuka.

Kanta, lori letu dogo la kubebea spika, ilikuwa imesimama kwenye kona ya uwanja, imezimwa. Sijui ilifika saa ngapi. Juu ya spika kulikuwa na mzigo wa kuni. Chini walisimama wanawake kumi na mmoja katika magauni ya njano, yale tuliyoshona kwa ajili ya Manyoni. Wawili wameshika majembe. Wengine wana masufuria kichwani. Pendo alikuwa mbele, amebeba ndoo ya unga.

Baadaye dereva wa kanta alimsimulia Festo. Walikuwa wameshafika Ikungi kuelekea Manyoni. Pendo akagonga bodi ya gari, akamwambia geuza. Wenzake wakamwuliza, na tamasha? Akawajibu kwamba mama aliwabebea watoto miaka mitatu na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa damu yake.

Lakini hayo niliyasikia baadaye. Wakati ule nilikuwa nimeshika kipaza sauti, kimewashwa bado, na nilichoweza kusema ni, "Pendo..."

Alinipita. Akasimama kidogo tu ubavuni kwangu. "Pole na msiba, mama."

Mama! Hajawahi kuniita hivyo. Siku zote ni Dada Rede, hata siku ile nilipomrudisha nyuma. Aliniambia pole kama unavyomwambia mwanamke usiyemjua mliyekutana naye kisimani.

Akaenda kwa mzee, akapiga goti. "Shikamoo, baba. Tumekuja kuzika."

"Marahaba." Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Ninyi ndio wa kikundi hicho?"

"Kikundi kipi, baba? Tumesikia kimekufa."

Na wakaanza kazi. Waliwasha moto, wakachota maji, wakasonga ugali wa msiba wa mama yangu wakiwa na magauni ya jukwaani. Akina mama wa Ulemo waliwatazama kwa chuki kwanza, kisha wakaona haya, wakaingia jikoni nao. Wale wawili wenye majembe wakawafuata vijana makaburini. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Mzee Melkizedeki alitaka kusema neno, akaliacha.

Mimi nilikaa karibu na jeneza. Walipita mbele yangu kutwa nzima, wamebeba maji, wamebeba sahani. Wanapita tu. Mama wa yule mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama Alhamisi alikuja kuaga mwili. Alikuwa amembeba mwanawe kwa kitenge cha mama. Nikanyoosha mkono nimshike mtoto mguu. Akasogea.

Bora wangenitukana. Nilingoja hata mmoja anipige kofi, hakutokea.

Saa tisa tukaenda kaburini. Mwinjilisti akasoma, akaomba, jeneza likashushwa. Kwetu, kabla ya udongo, binti wa marehemu anaanzisha wimbo alioupenda marehemu. Nilijua ni upi. Kuna mmoja tu.

Ni ule wa kupepetea mtama, wa mama na Yasinta. Kwa Kinyiramba ni mtamu zaidi, lakini maana yake ni rahisi. Mmoja anauliza: nyuma yangu kuna nani? Wenzake wanajibu: tupo, tembea. Ndio wimbo wa kwanza niliowafundisha Tuitikiane. Mama mwenyewe alikuwa anawarekebisha sauti huku anapiga ungo kwa vidole, na watoto wanacheza.

Nikafumba macho nikaimba. "Nyuma yangu kuna nani?"

Nikangoja.

Nilisikia upepo, na mtoto mmoja akikohoa. Nikafumbua macho. Wale kumi na mmoja walikuwa upande wa pili wa kaburi, mstari mmoja, wanatazama udongo. Wimbo ule wanaujua hata wakiwa usingizini.

Nikaimba tena. "Nyuma yangu kuna nani?"

Hakuna.

Festo akaninong'oneza, "Acha, Rede." Sikuacha. Nikaimba mara ya tatu, na sauti ikanikatikia katikati.

Ndipo akaitikia mtu. Sauti ya mwanaume, ya kizee, haina hata wizani.

"Tupo. Tembea."

Alikuwa Mzee Melkizedeki. Miaka arobaini alisikia wanawake wawili wakiuimba uani kwake, na siku hiyo ndiye peke yake aliyenijibu. Machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi. Akasogea ukingoni.

"Anastazia," akasema, "nisamehe, dada yangu. Nilidhani ulimkataa Yasinta. Kumbe hukuambiwa. Mungu atamlipa aliyekuficha."

Akachukua koleo, akatupa udongo wa kwanza. Akatupa wa pili.

Pendo akainua kichwa.

Alitoka kwenye mstari, akazunguka kaburi taratibu, mikono ameifunga mbele. Akasimama mbele ya mzee.

"Baba, samahani. Nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Mwanamke aliyepokea simu yako ni mimi."

Watu wakaguna. Kijana mmoja akaangusha jembe. Mzee akabaki ameshika koleo lenye udongo, anamtazama mwanamke huyu aliyemchotea maji tangu asubuhi.

"Wewe?"

"Mimi, baba."

"Nilikukosea nini?" Akasogea hatua moja. "Kwa nini hukumfikishia?"

Pendo akageuka akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu afike Ulemo.

"Dada Rede," akasema, "mwambie mwenyewe."

Wale kumi wengine nao wakainua macho, pamoja na Festo na Ulemo nzima. Mzee aliushusha udongo wake pembeni, akageuka kwangu, akangoja. Jeneza la mama lilikuwa bado linaonekana.